Kilindo cha Mihayo

Mjukuu wangu Neema amenunua mashine. Ameiagiza kutoka Dar es Salaam, imekuja ndani ya boksi lenye picha ya mama wa kizungu anayemchekea samaki. Unatia nyama kwenye mfuko wake wa nailoni, unafunga kifuniko, nayo inanguruma kama paka aliyekaliwa mkia. Inafyonza hewa yote, halafu inauchoma mdomo wa mfuko mpaka unashikana. Nyama inabaki imebanwa humo, haina pa kupumulia. "Bibi," ananiambia, "hii ukiiweka kwenye friji unaisahau kabisa." Nikamwambia ajaribu na maharage. Alipomaliza niliuchukua ule mfuko nikaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, naye akacheka mpaka akakaa chini.

Nyinyi wasichana wa hapa Itetemia mnaokuja jioni kuishangaa mashine hiyo, na nyinyi vijana mnaosema bibi yake Neema anagongagonga vitu kama fundi redio, maneno haya ni yenu. Chekeni, lakini someni. Mimi kazi yangu yote duniani ilikuwa kuziba. Nimeziba mtama, mahindi, karanga, asali, michembe ya viazi vikavu, na mbegu za watu waliokwishakufa kabla hazijaota. Hiyo hewa mnayoifyonza kwa umeme, sisi tulipigana nayo kwa mavi ya ng'ombe na udongo wa kichuguu.

Huenda hamjawahi kuona kilindo, kwa hiyo niwaeleze. Ni pipa la gome la mti. Wanaume walikwenda porini, wakauvua mti wa muyombo gome lake zima, wakalikunja na kulishona kwa kamba, wakaweka kitako na kifuniko cha gome hilohilo. Kikubwa kiliweza kumficha mtu mzima aliyesimama. Kushona ilikuwa kazi ya wanaume. Kujaza na kuziba ilikuwa kazi ya mwanamke mmoja au wawili katika kijiji, wale waliojaliwa mkono huo, na kwetu porini kule upande wa Ipole mwanamke huyo aliitwa Mama Mihayo.

Jina lake la kuzaliwa nililisikia siku ya kumzika tu. Alikuwa mjane, na Mihayo alikuwa mwanawe wa pekee, mrina asali. Mimi nilikuwa jirani yake, nimeolewa juzi, sijui hata kupepeta vizuri. Aliniona nikimwaga mahindi ndani ya mtungi nikaweka kifuniko juu na kuondoka zangu. "Wewe mtoto," akasema, "unawawekea fukusi karamu?" Tangu siku hiyo akanishika.

La kwanza alilonifundisha halikuhusu hewa. Lilihusu maji. Aliniambia hewa ni mwizi wa nje na unyevu ni mwizi wa ndani, na ukimfungia mlango mwizi wa ndani umemsaidia. Unachukua punje, unaiuma. Ikipasuka kwa sauti, ziba. Ikibonyea, rudisha juani hata kama wenye mali wamekusimamia wananuna. Halafu unatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nafaka iliyo nzima ni baridi huko ndani. Ukikuta joto, kuna kitu kinaoza hata kama macho hayaoni.

Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa haraka, alikuwa anaoza binti. Akasema hana muda wa kusubiri jua, akaziba mwenyewe kilindo cha karanga za harusi, udongo vidole vinne. Siku ya siku wakaja wakwe wamevaa vizuri, akataka kufungua mbele yao ili waone neema ya nyumba. Kifuniko kilipotoka, bwana, watu walikimbia. Shangazi wa bwana harusi alianguka juu ya mbuzi wa mahari. Mama Mihayo alisimama pale na kanga mdomoni, akasema taratibu, "Hizi hazikuzibwa, zimezikwa." Msemo huo ulibaki kijijini, mtu akifanya jambo kwa pupa anaambiwa, amezika karanga.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kisa.

Wazee wetu walikuwa wapagazi. Hiyo barabara ya Tabora mnayoipita na bodaboda, wao waliipita na pembe za ndovu begani mpaka pwani, na wengi hawakurudi. Ndiyo maana kulikuwa na desturi. Mtu akisafiri safari ndefu, mama yake au mkewe anajaza kilindo cha chakula cha kumpokelea. Lakini hazibi yeye, kwa sababu mwenye uchungu anaweza kushindwa akafungua. Anaziba mtu mwingine, na udongo ukiwa mbichi anagandamiza kiganja chake juu ya kifuniko. Msafiri akirudi, mwenye kiganja ndiye anayefungua, na chakula cha kwanza msafiri anachokula kinatoka humo. Kabla hajala hajawa mtu wa nyumbani, hata kama anaota moto na mama yake. Na kilindo hicho kikifunguliwa kabla hajarudi, basi mmemhesabu maiti. Mnalia, mnanyoa, mnamaliza. Ilikuwa hivyo, na Wakristo kwa Waislamu tuliifuata.

Wakati wa vijiji vya ujamaa malori yalikuja Ipole kutuchukua. Tuling'oa paa zetu wenyewe. Wengine walifurahi, maana kulikosemwa tunakwenda kulikuwa na ahadi ya shule na bomba, na shule kweli ilikuja, Raheli wangu alisoma hapo. Siwezi kusema yote yalikuwa mabaya. Lakini Mihayo mizinga yake ilibaki porini, mbali, na mrina asali asiye na pori ni mtu anayezurura. Alikaa kijiji kipya kiangazi kimoja, akiitazama ile mistari ya nyumba. Kisha akasema anakwenda Tanga kukata mkonge, atarudi na baiskeli.

Mama yake hakubisha. Alijaza kilindo mtama, ule mtama mwekundu tuliokuja nao kutoka nyumbani, tukauchanganya na majivu tabaka kwa tabaka. Nikaziba mimi. Nikagandamiza kiganja changu. Mihayo akacheka, "Mama Raheli, mkono wako mdogo hivyo utaniwekea chakula kweli?" Nikamwambia, "Nenda huko, urudi ule." Alimwachia mama yake donge la nta, la mwisho kutoka kwenye mizinga yake, akaondoka na fimbo.

Mwanzoni tulipata salamu kwa watu wanaopita. Halafu salamu zikakatika. Tukasikia yuko shamba jingine, tukasikia ameumizwa na mashine, tukasikia huyo siye. Kila kiangazi kilipokwisha, kabla ya mvua, nilikwenda kwa Mama Mihayo kuikagua kazi yangu. Udongo hupasuka kama kisigino, lazima upakwe upya kila mwaka. Kwanza unagonga. Unaanza juu, unashuka taratibu, kidole kimoja. Palipojaa panajibu kifupi, du, sauti inafia papo hapo. Palipo patupu panaitika na kuvuma. Kwa kugonga tu nilikuwa najua chakula kimeshuka kiasi gani, na kama fukusi wameingia, bila kuvunja chochote. Kila mwaka kilindo cha Mihayo kilijibu du, kutoka juu mpaka chini.

Kisha ikaja njaa. Mvua ilinyesha ikakata, mahindi ya shamba la kijiji yakakauka yakiwa urefu wa goti. Tuliletewa unga wa njano, tukashukuru, lakini haukutosha, na siku nyingine haukuja. Baba yao Raheli alikuwa ameshatangulia mbele za haki. Nilikuwa na Raheli na mdogo wake Elia. Tulikula ming'oko ya kuchimba porini, tulikula majani ambayo mbuzi aliyaacha. Elia nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba. Mtoto akilia njaa bado ana nguvu. Elia aliacha kulia, nikajua ninampoteza.

Nataka mwelewe kwamba mtama ulikuwepo. Nyumba ya pili kutoka kwangu kulikuwa na kilindo kimejaa, nimekiziba mimi, kiganja changu kiko juu yake. Sikwenda kuomba. Ningeombaje? Kumwambia mama, muue mwanao ili wangu wapone? Nilikaa nyumbani na kumshika Elia miguu.

Alfajiri moja nikasikia hodi. Mama Mihayo alikuwa mlangoni, amefunika bakuli kwa kanga.

"Shikamoo mayo," nikasema. Mayo ndiyo mama kwa lugha yetu.

"Marahaba. Kaka yangu wa kule Choma amenitumia mtama kidogo. Saga, upike uji mwepesi. Mpe kwa kijiko, usimpe mwingi akafa kwa shibe."

"Mungu akubariki. Na wewe umebakisha?"

"Mimi mzee nakula kama ndege. Pika."

Alileta tena, na tena. Aliwapelekea na wengine, waliokuwa na watoto wadogo, kila nyumba akimtaja kaka yake wa Choma. Hakuna aliyeuliza habari za huyo kaka. Na Choma mwaka ule ng'ombe walikuwa wanakufa wamesimama, kila mtu alijua. Lakini mwenye njaa haulizi kunde zimelimwa na nani. Niliuosha mtama ule na maji yakawa ya kijivu kwa majivu. Niliyaona. Nikayamwaga nikaendelea kuosha, na Elia akapona.

Kiangazi kile kilipokwisha nilichota udongo wa kichuguu, nikaukanda na mavi ya ng'ombe, nikaenda kupaka kilindo kama kawaida. Kiganja changu kilikuwa pale juu, hakijaguswa. Mama Mihayo alikuwa ameketi kizingitini anamenya karanga. Nikagonga juu. Kikaitika. Nikagonga katikati, kikaitika. Nikapiga magoti nikagonga chini kabisa, karibu na mawe kilipokaa, na sauti ikavuma humo ndani.

Nilikuwa nawaza kwamba wanangu wawili wanacheza nje na mtama wa Mihayo umo katika damu yao. Nilikuwa nawaza kwamba mwanamke huyu amemzika mwanawe peke yake, bila kilio, bila kunyoa, bila mtu wa kumshika mkono, na asubuhi yake akachekecha mtama na kunibishia hodi. Nilitaka kulia kwa sauti. Nilitaka kumwangukia miguuni.

Akaniangalia. Aliacha kumenya.

"Mbona umesimamisha kazi? Udongo unakauka. Ziba."

Nikaziba. Nilipaka vizuri kuliko nilivyowahi kupaka kilindo kilichojaa. Nikagandamiza kiganja, nikanawa, akanipa karanga, tukazungumza habari za kuni. Mwaka uliofuata nikaja tena, nikagonga, maana nisingegonga watu wangeshangaa, kikaitika, nikaziba. Na mwaka uliofuata. Hatukulitaja jambo hilo hata siku moja. Wanawake wakimuuliza, "Mihayo hajaleta salamu?" alijibu, "Kilindo chake kipo," nao walitikisa kichwa wakapita.

Kazi yetu baadaye iliuawa na dumuzi. Nyinyi mnamjua dumuzi kama mdudu wa kawaida, lakini sisi tulimwona akiingia. Fukusi ni mgeni anayekula akaacha. Dumuzi anageuza gunia la mahindi kuwa unga ukiwa umelala, kisha anatoboa gunia, anatoboa gome, anatoboa mpaka mpini wa jembe. Udongo wangu haukumzuia, kwa sababu hakupita kwenye udongo, alipita kwenye mti. Vilindo vya kijiji kizima vikawa na matundu kama chekeche. Walileta dawa ya unga, watu wakaipima kwa kunusa, wengine wakaipaka kichwani kuua chawa. Mimi nikahamia kwenye mapipa ya bati ya ghala la kijiji. Huko nilijifunza mshumaa. Unajaza nafaka kavu, unasimamisha mshumaa juu yake, unauwasha, unafunga kifuniko na kukizungushia mpira wa tairi. Mwali unakula hewa iliyomo mpaka unajizima wenyewe, na mdudu anazimika nao. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine yetu, Neema. Kosa la watu lilikuwa kufungua kila baada ya siku mbili kuchungulia kama wadudu wamekufa. Ukichungulia umewapa pumzi.

Mama Mihayo alikufa nikiwa kwenye kazi hiyo ya mapipa. Msiba wake ulikuwa wa watu wengi. Wazee wakasema kilindo kifunguliwe sasa tuwalishe waombolezaji, aliyekuwa akisubiri hayupo. Nikakataa. Nikasema aliyezibiwa hajarudi na hakuna maiti tuliyoiona, na kiganja ni changu. Wakanung'unika, wakakubali. Wanaume wakakibeba mpaka kwangu. Mmoja akasema, "Kimekuwa chepesi hiki." Nikamwambia mtama wa zamani hukauka.

Kisha Mihayo akarudi.

Alikuja mchana, bila baiskeli. Kwanza sikumtambua. Alikuwa amekonda, anakohoa, mkono wa kulia hauna vidole viwili, mashine ya mkonge ilivichukua. Alikuwa ameshaambiwa njiani kwamba mama hayupo. Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kigoda nje, kama desturi inavyotaka, mgeni mlangoni, akasema, "Mama Raheli, nimerudi. Nifungulie."

Mungu wangu, mtu huyu alikuwa na njaa. Nilimwona anavyokitazama kile kilindo.

Nilikuwa na uongo tayari, tena mzuri. Gome lilikuwa na matundu ya dumuzi pande zote. Mihayo aliondoka kabla mdudu huyo hajaingia kwetu, hakujua tabia zake. Ningesema mdudu alikula mtama wote, mama yako alikusubiri mpaka mwisho, na angeniamini. Nilichukua kisu nikakata udongo kuzunguka kifuniko, huku nikiyapanga maneno hayo mdomoni.

Kifuniko kilitoka. Tukachungulia wote wawili. Ndani kulikuwa kumefagiwa. Hapakuwa na punje, hapakuwa na vumbi la mdudu, na kitakoni, pale Mama Mihayo alipokata gome kwa chini kutolea mtama, alikuwa ameziba kwa nta. Na juu ya nta, upande ulioelekea ndani, kulikuwa na alama ya kiganja, iliyogandamizwa kabla nta haijabandikwa. Kiganja hicho hakikuwa changu.

Mihayo akaingiza kichwa, akanusa. "Hii nta ni yangu," akasema.

Uongo wangu ukafia pale.

"Nani alikula?"

"Wanangu," nikasema. "Na watoto wengine. Mwaka wa njaa. Elia alikuwa anakufa."

Kuku walipita katikati yetu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mama alinizika."

"Ndiyo."

"Na huu udongo wa juu ni wa lini? Bado mpya."

"Wa mwaka huu. Nimepaka kila mwaka. Aliniambia niwe naziba."

"Wakati hamna kitu ndani."

"Wakati hamna kitu."

Akatikisa kichwa polepole. "Sasa mama alikuwa upande gani, wa kuzika au wa kusubiri?"

Nilikishika kile kifuniko, nikaanza kukifuta udongo kwa kanga.

Raheli, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alileta ungo wa mtama wetu, akaumimina ndani ya kile kilindo, akauchota tena na kwenda kuupika. Hakuna aliyemtuma. Mihayo alikula matonge mawili, akanawa. Alisema ugali ni mtamu, lakini alisema kama mgeni anavyosema. Alimwita Elia, akamshika kichwa, akamtazama sana, akauliza anasoma darasa la ngapi. Kisha akaibandua ile nta, akaweka mkono wake wenye vidole vitatu juu ya mkono wa mama yake, akaifunga kwenye kitambaa. Siku ya pili aliondoka. Alisema anakwenda kuangalia mizinga yake ya Ipole kama kuna iliyobaki. Waliopita Ipole baadaye hawakumwona.

Nilikiziba kile kilindo tena, kitupu. Nilikiziba mpaka gome lilipoanguka lenyewe.

Juzi nilimwambia Neema alete mashine yake. Nikampa mtama mwekundu, niliouanika mwenyewe na kuuma punje moja moja kwa meno haya machache. Akautia kwenye mfuko. Akauliza, "Bibi, huu wa nani?"

"Wa Mihayo."

Anakijua kisa, mama yake, Raheli, alimsimulia. Akahesabu umri wa Mihayo kimoyomoyo, nikamwona. Akaniuliza kwa upole, "Bibi, atakuja kweli?"

Nikamwambia, "Ziba."